Dakika kumi na moja baada ya Amina

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana huko mbele hakuna cha kujisifia. Waraka kwa Warumi nakutembeza sura zote 16 bila kufungua Biblia. Nimefundisha kikundi cha kujifunza Neno miaka mingi, kiasi kwamba walioanza kwangu wakiwa vijana sasa wana watoto wanaonisahihisha. Wanandoa wakikorofishana, mimi ndiye niliyekuwa naitwa. Nakaa katikati yao, nainamisha kichwa upande kidogo, nasikiliza, kisha natoa neno la busara. Kule kuinamisha kichwa nilikufanyia mazoezi.

Nyumbani, nikiingia mlangoni watoto walikuwa wananyamaza. Niliita hiyo adabu. Mke wangu naye alikuwa na namna yake ya kusema "sawa", fupi, bila kunitazama. Niliita hiyo kukubaliana.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiambiwa "jitambue", kana kwamba mtu hujitambua kwa kuamua tu. Yeremia alishasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, nani awezaye kuujua? (17:9). Na huyo unayemtuma akauchunguze moyo ni moyo huohuo. Ni kama kumpa mwizi kazi ya kuhesabu vilivyoibwa. Atakuletea hesabu safi kabisa.

Nilijua kuna kitu hakiko sawa, ila sikujua nini. Nikaomba ushauri. Wa kwanza akaniambia niombe zaidi. Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri. Matokeo yake nikawa mtu mwenye hasira ambaye pia ana usingizi. Wa pili akasema nifunge. Nikafunga siku tatu, na ya pili nikamfokea mtoto kwa sababu kijiko kilimponyoka kikalia sakafuni. Sipingi kufunga, Bwana mwenyewe alisema "mfungapo", akichukulia kwamba watu wake watafunga. Ila huyo mshauri angesoma na 1 Wafalme 19. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumpangia mfungo wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Kuna hali nyingine za kiroho ambazo dawa yake ni usingizi, na hakuna aliyeniambia.

Wa tatu ndiye aliyenipoteza kabisa, maana ushauri wake ulinifurahisha. Alinipa maswali ya kupima hulka. Mnazijua zile aina nne: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Nikatoka koleriki mtupu. Mtu wa uongozi, mwenye maamuzi, asiyevumilia uzembe. Nilisoma ile orodha mara tatu kwa raha. Miezi kadhaa nikawa natembea na cheti: nikifoka, nasema "unajua mimi ni koleriki", na mazungumzo yanaishia hapo. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mpango huo ulitokana na waganga wa Kigiriki wa kale, waliodhani tabia ya mtu hutegemea maji manne ya mwilini, na koleriki ni mtu aliyezidiwa nyongo ya njano. Mmoja wa waliouendeleza sana ni tabibu Galen, aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergamo, mji uleule ulioandikiwa barua katika Ufunuo 2. Kanisa la Pergamo liliambiwa "tubu". Mimi nilikuwa najibu kwa kutaja nyongo.

Sasa niwaambie habari ya daftari, maana hapo ndipo nilipojidhalilisha kwa ustadi.

Rafiki yangu Mkatoliki aliniambia kuhusu kuchunguza dhamiri kila jioni. Alinieleza habari za Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akamgeukia Mungu akiwa kitandani anauguza jeraha. Huyo alifundisha kwamba ukiwa na kosa moja linalokusumbua, jikague mara mbili kwa siku na uweke nukta kwenye mstari kwa kila mara ulipoanguka, halafu ulinganishe leo na jana. Nikaona hii sasa ni kazi ya mtu makini kama mimi. Nikanunua daftari zuri, lenye jalada gumu, ghali kuliko ilivyohitajika. Nukta nikaziona hazitoshi kwa mtu mwenye kipaji cha kuandika, nikaamua kuandika sentensi kamili.

Niliandika karibu usiku arobaini. Najua mnasubiri niseme ndipo nilipoanza kubadilika. Subirini.

Siku moja nikakaa nilisome lote kama mtu anayesoma barua za mwingine. Ukurasa wa kwanza: "Leo nilikasirika kwa sababu walichelewa." Wa pili: "Nilipandisha sauti, lakini ni baada ya kuchokozwa." Ukurasa mmoja ulikuwa na mistari kumi na mbili kuhusu kasoro za mzee mwenzangu wa kanisa, na mwishoni, "Bwana anisaidie kumvumilia." Kuna siku niliandika, "Leo nimejinyenyekeza sana kwenye kikao." Kesho yake: "Hakuna aliyetambua."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikapigia mstari kila sentensi ambayo mtenda kosa ndani yake ni mimi peke yangu, bila mchokozi wala sababu. Katika daftari zima zilikuwa nne. Nyani haoni kundule, sawa, lakini mimi nilikuwa nimenunua daftari, nikakaa kila usiku chini ya taa, na kundu nisilione. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi aliyekuwa ametenda dhambi, akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo." Mimi nilikuwa Nathani wa kila mtu, usiku arobaini mfululizo.

Kilichonifungua macho kilikuja kwa ajali, na tena ajali iliyotokana na majivuno. Nilitaka kurekodi ibada yetu ya familia niirushe kwenye kundi la kanisa, iwe mfano kwa wengine. Ndiyo, mfano. Nikaweka simu kwenye rafu, nikabonyeza, tukaimba, nikasoma, nikaomba. Tukasema Amina. Simu nikaisahau palepale. Ikaendelea kunasa mpaka mtu fulani aliponipigia, ndipo ikakata.

Kesho yake nikajaribu kuituma, faili likagoma kwenda, ni kubwa mno. Nikashangaa, ibada ilikuwa fupi. Nikasema nisikilize nione tatizo liko wapi.

Sehemu ya ibada niliipenda, siwafichi. Sauti yangu ya maombi ni nzito, ya taratibu, ina mtetemo kidogo kwenye neno "rehema". Kisha Amina. Haikupita hata dakika moja, ikasikika sauti nyingine, kali, ya juu puani. Kwa sekunde mbili tatu nilidhani kuna mgeni aliingia ambaye nimemsahau.

Mtoto mdogo alikuwa ameuliza swali. Tulisoma Mwanzo 3, naye akataka kujua kwa nini Mungu alimuuliza Adamu "Uko wapi?" ilhali anajua kila kitu. Ile sauti ikamwambia aache maswali ya kijinga, akalale. Mke wangu akasema, "Ameuliza tu." Sauti ikamjibu kwamba yeye ndiye anayewaharibu. "Sawa," akasema mke wangu. Halafu kimya. Halafu, na hapa ndipo nilipokaa chini, ile sauti ikaanza kuimba pambio. Taratibu, kwa amani kabisa. Alikuwa ameshasahau.

Karibu na mwisho, watoto wanasikika wakipita karibu na rafu, wananong'ona.

"Baba amekasirika tena?"

"Hapana. Leo yuko sawa."

Dakika kumi na moja kutoka Amina mpaka pale. Nilirudia kipande hicho cha mwisho mara nyingi. Kisha nikaenda kwenye daftari, nikatafuta nilichoandika usiku ule. Nilikuwa nimeandika: "Siku ya amani. Ibada nzuri sana."

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo ajijue vipi, simwambii aingie ndani ya nafsi yake. Mle ndani nimeshaingia na daftari, nikatoka na cheo. Yesu alisema kinywa cha mtu hunena yaujazayo moyo wake, basi sikiliza kinachotoka, hasa kwenye zile dakika unazoamini hazihesabiwi, kwenye kufunga mlango, kwenye kujibu ukiwa umegeuka mgongo. Na ukitaka kusali "Ee Mungu, unichunguze", ile ya Zaburi 139, jiandae kwamba majibu yanaweza kupitia kitu cha aibu kama faili lililogoma kwenda.

Haya, kuomba radhi. Nilidhani hapo angalau nina ujuzi. Nikawakusanya wote, nikafungua Wakolosai 3:21, penye akina baba kuambiwa wasiwachokoze watoto wao wasije wakakata tamaa. Nikaeleza muktadha. Nikaeleza na nilivyolelewa mimi. Nikasema nimekosa, lakini waelewe uchovu wa kazi. Nikatumia si chini ya dakika ishirini. Mdogo akasinzia. Mkubwa alikuwa anahesabu vidole vyake. Mke wangu akasema "sawa", ileile.

Nilikasirika, bila shaka. Mtu anajishusha hivi na hakuna hata chozi!

Siku kadhaa baadaye nilikuwa naandaa somo la kikundi kuhusu wafalme wawili wa kwanza wa Israeli. Sauli, katika 1 Samweli 15, anakiri amekosa, tena zaidi ya mara moja. Lakini mara anasema aliwaogopa watu, mara anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Daudi, ambaye kosa lake ni kubwa la kutisha, uzinzi na kuua, anaposhikwa na Nathani katika 2 Samweli 12:13 anasema, "Nimemfanyia Bwana dhambi." Nikahesabu. Ni maneno matatu. Zaburi ya kulia ilikuja baadaye, lakini pale mbele ya nabii ni matatu tu. Nilikuwa nimefundisha sura hizo mbili nisijue mara ngapi, na sikuwahi kuhesabu.

Basi huo ndio ujanja wangu, na nauuza bure: maneno matatu, au manne ukizidiwa, halafu funga mdomo. Neno "lakini" likija, limeze. Linakwaruza kooni, lakini hushuka. (Hilo la mwisho si la kuomba radhi, linaruhusiwa.) Nilimfuata mdogo, nikachuchumaa, nikasema, "Nilikufokea. Nisamehe." Ile nusu dakika ya kimya iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko mfungo wa siku tatu. Akasema, "Haya. Naweza kwenda?" Akaenda.

Mkubwa hakusema kitu kwa wiki nyingi, na sikuwa na haki ya kumdai. Hili watu hawalisemi wanapofundisha msamaha: wewe unaweza kuwa umetubu Jumatatu, mwenzako bado anaishi na ile Jumapili.

Zakayo, yule mtoza ushuru aliyetubu mbele ya Yesu, naye alinisumbua. Hakuishia kusema amekosa. Alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Nikajiuliza mimi nilichonyang'anya ni nini, nikaona ni yale maswali. Nikamrudia mdogo na lile lake la Adamu, nikiwa nimejiandaa vizuri. Nikamwambia Mungu hakuuliza kwa kuwa hajui, aliuliza ili Adamu mwenyewe atoke alikojificha aseme aliko. Nikanogewa, nikaongeza mengine. Akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akauliza kama nyoka alikuwa na miguu kabla ya kulaaniwa atambae. Sikuwa na jibu. Nikasema sijui, neno ambalo sidhani aliwahi kulisikia kwangu, maana alinitazama kana kwamba naumwa.

Daftari bado ninalo, ila sasa naweka nukta kama askari yule alivyoagiza. Sentensi nimejikataza. Kuna wiki zenye nukta nyingi kiasi kwamba ukurasa unafanana na upele. Na kwenye kikundi siinamishi tena kichwa upande, isipokuwa shingo ikiniuma.

Baada ya kama miezi minane, sikuhesabu sawasawa, nilijaribu tena. Nikaacha simu kwenye rafu makusudi, baada ya ibada. Nikasikiliza usiku peke yangu. Dakika ya nne sauti ikapanda, tena kwa jambo la soksi. Dakika ya sita, maneno matatu. Halafu maswali, kicheko kimoja, milango. Nikafurahi mno, nikampelekea mke wangu naye asikilize.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, akanirudishia simu.

"Ulijua inarekodi," akasema.