Daftari la bibi

Juzi nilikaa na bibi tukajaribu kupanga maisha yake kwa miaka, mimi na daftari yeye na kikombe chake cha chai. Nikapiga mstari katikati ya peji, kushoto mambo ya nchi, kulia ya bibi.

Uhuru 1961 anakumbuka ngoma, basi. Azimio la Arusha 1967 hana neno kabisa, anasema "mwaka huo nina mimba ya baba yako".

Ila nilipotaja Idi Amin wa Uganda akaweka kikombe chini. Kwao ni ng'ambo ya mto Kagera, upande wa mpaka, na ile Oktoba 1978 ndizi ziko jikoni wakasikia mizinga, wakatoka hivyo hivyo, baba ana miaka 11 kambeba mdogo wake mgongoni, wakatembea mpaka daraja la Kyaka wakavuka. Siku chache baadae majeshi ya Amin yakalilipua lile daraja. Mimi shuleni nilikaririshwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya 2 Novemba, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, kumbe bibi hakuisikia, redio ilibaki nyumbani. Kinachomuuma mpaka leo ni kwamba aliacha moto unawaka.

Waliporudi bati hakuna, ng'ombe hakuna, migomba imesimama. Kampala ilianguka Aprili 1979, upande wa bibi nimeandika "kupalilia".

Halafu 1983. Vitabuni ni sentensi moja, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walionekana Kagera. Kule waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinatoka Uganda. Hapo kulia peji haikutosha nikageuza nyingine, shangazi wawili, baba mdogo, jirani na mkewe, bibi anawataja taratibu kwa mpangilio wa makaburi yalivyo pale shambani kwenye migomba, na mimi naandika tu maana sikuweza kumuuliza kitu.

Oktoba 1999 Mwalimu kafariki London, redio ni maombolezo kutwa nzima. Wiki hiyo hiyo tulimzika baba. Nilikuwa mdogo sana sikumbuki, bibi ndio kanihadithia juzi, kwamba alipita pale ofisi ya kijiji akitoka kuagiza jeneza akakuta bendera nusu mlingoti, akasimama akaiangalia, akaona ni sawa.