Barafu ya Kwenda Kilindini, Nje ya Ukerewe

Barafu ya Mwanza ina bei mbili: ya muuza samaki na ya mgeni. Pale Mwaloni, Kirumba, mabonge mazuri huondoka alfajiri na matenga ya sangara. Mwenye deli la kubebea chupa za maji atakayochota Ziwa Victoria, ili maabara isome bakteria wake, anangoja, halafu anauziwa lililobaki kwa bei ya juu zaidi. Bonge letu lilikuwa na moyo mweupe uliojaa mapovu. Bonge la namna hiyo limejaa hewa, linapasuka ovyo na kuyeyuka upesi. Bonge la kununua ni lile zito, angavu hadi katikati.

Deli lilihitaji barafu nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kupooza lita moja ya maji ya ziwa kutoka nyuzi 25 hadi 4 kunameza karibu robo kilo ya barafu. Chupa 12 za lita moja, basi, zinakula kilo tatu na zaidi kabla deli halijaanza kupigana na jua. Kwa kutwa nzima ziwani, kilo mbili kwa kila lita ndicho kipimo cha kuaminika. Chumvi ya kuongeza baridi isitiwe kabisa: inashusha joto chini ya sifuri, maji yanaganda na chupa za kioo zinapasuka.

Saa za kuipita Ukerewe hazina la kusimulia, ila ubao mgumu wa kukalia, moshi wa injini, na nauli ya kukodi boti ambayo ingelisha kaya mwezi mzima.

Kwenye maji makuu kipimajoto kilisoma 26.4 juu na 24.3 kwenye mita 60. Nyuzi mbili tu! Mtu wa nchi za baridi angezipuuza, lakini maji ya moto hubadilika uzito upesi. Tofauti ya uzito kati ya nyuzi 25 na 24 ni takribani mara 30 ya ile iliyo kati ya nyuzi 5 na 4. Kwa hiyo nyuzi hizo mbili zinatosha kuyaweka maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini kwa miezi mingi, kuanzia Septemba hivi hadi Mei. Huko chini oksijeni inaliwa bila kurudishwa, na bakteria wa kilindi wanakuwa jamii nyingine kabisa. Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki unalipoza ziwa, tabaka zinavunjika, maji yanachanganyika.

Kuchota kwenyewe kunataka subira. Chombo kinashuka kikiwa wazi pande zote mbili, kisha uzito mdogo unaachiwa uteremke kwenye kamba na kufyatua vifuniko. Boti ikisukumwa na upepo kamba inalala, na ikilala nyuzi 30 kutoka wima, mita 60 za kamba ni mita 52 tu za kina. Nahodha alilazimika kurudi nyuma polepole kwa injini mpaka kamba isimame. Chupa za maji ya juu huachiwa nafasi kidogo ya hewa. Za kilindi hujazwa hadi zifurike, maana hewa ikiingia inawabadilishia maisha bakteria waliozoea kukosa oksijeni.

Wakati wa kurudi rafadha ikajisokota wavu uliotelekezwa. Jua lilikuwa la saa saba. Kuukata wavu kwa kisu, mtu akiwa majini, kulichukua alasiri nzima, na kipimajoto ndani ya deli kikapanda hadi 17. Hicho hukaa ndani ya chupa ya ziada yenye maji, kwa sababu hewa ya deli inadanganya kila mfuniko unapofunguliwa.

Kilichokuwa kikitokea humo ndicho kiini cha safari. Ndani ya chupa yenye joto, bakteria wadogo wa polepole ambao ndio wengi ziwani wanazidiwa na wachache wenye pupa, kama Aeromonas. Maabara ikisoma vinasaba vya maji hayo, inasoma historia ya deli. Na hata nyuzi 4 haziwasimamishi wote. Miongoni mwa bakteria wa Pseudomonas na Flavobacterium wamo wanaoendelea kuongezeka kwenye baridi hiyo, kwa kuwa mafuta ya utando wa seli zao hubaki laini pale ya wengine yanapokakamaa. Baridi inachagua.

Gatini, jioni, mama mmoja muuza sangara alitazama deli lililojaa maji akauliza, "Mwanangu, hayo maji yenu yanaoza upesi kuliko samaki?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, yanaharibika kabla yake." Akasema sangara wake akiwekwa vizuri hukaa wiki tatu na bado analika. Yuko sahihi. Chewa wa bahari za kaskazini hudumu wiki mbili hivi kwenye barafu hiyohiyo. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba bakteria wanaoandamana na samaki wa maji ya moto wengi hawajui kuishi karibu na sifuri, ilhali wale wa bahari baridi wako kwao.

Nikawaza vijito vya kwetu Makete, juu kuelekea Kitulo, ambako Julai nyasi zinaamka na sakitu. Maji ya pale yakitiwa kwenye deli hili, barafu isingewashtua wenyeji wake. Kanuni ya "weka kwenye barafu, utapima kesho" haiwezi kuwa moja kwa ziwa hili na vijito vile, wala kwa Baikal, ziwa la Siberia, ambako maji ya kilindi hukaa kati ya nyuzi 3 na 4 mwaka mzima.

Dawa ni kuchuja palepale botini. Kichujio chenye vitundu vya maikromita 0.22, kinachowanasa bakteria, na pampu ya mkono vinatosha, kwa mvuto mdogo ili seli zisipasuke. Maji ya kilindi hupita lita nzima. Ya juu, yenye mwani, huziba kwenye mililita 200, na hapo unaandika ujazo uliopita badala ya kulazimisha. Kichujio kinakunjwa kwa koleo safi na kuzamishwa ndani ya spiriti ya asilimia 96. Vichujio 12 vya namna hiyo vinaenea kwenye mfuko wa koti, na bonge la Mwaloni linabaki kwa wauza samaki.