Graz: saa iliyokombolewa ngome ikibomolewa

Kutoka Schlossbergplatz, katikati ya Graz nchini Austria, ngazi 260 zinapanda kwa kona kali ubavuni mwa mwamba. Mwenye magoti mabovu apande lifti, au treni ya mlimani iliyoanza kazi mwaka 1894. Mimi napendekeza ngazi, maana saa ya mnara ulio huko juu unaiona ikikua kila unapokata kona.

Mnara wake, Uhrturm, una kimo cha mita 28. Una nyuso nne, kila moja ikiwa na upana unaozidi mita 5. Hapo ndipo wageni wanapoteleza. Mshale mrefu uko kwenye 3, mfupi kwenye 12: ukisoma haraka utasema saa sita na robo mchana, kumbe ni saa tisa alasiri. Mrefu ndio wa saa. Ukiwa na shaka, ukague mshale mfupi: ingekuwa kweli sita na robo, ungekuwa umeshaiacha 12 na kwenda robo ya njia kuelekea 1. Lakini umekaa palepale juu ya 12.

Sababu ni kwamba awali palikuwa na mshale wa saa peke yake, mrefu ili mtu wa mjini chini ausome. Wa dakika uliongezwa baadaye, na ili usichanganywe na mwenzake ukafanywa mfupi. Ngome ya Petrovaradin, Serbia, nayo ina mishale iliyogeuzwa hivyo, kwa ajili ya mabaharia wa mto Danube.

Kengele za Uhrturm ni tatu: ya saa, ya mwaka 1382, ya moto, ya 1645, na ile iliyolia mtu anapopelekwa kunyongwa. Roshani ya mbao inayouzunguka mnara ilikuwa ya walinzi wa moto. Kwa hiyo huu haukuwa mnara wa wanajeshi tu. Mji mzima uliishi kwa sauti yake.

Mwaka 1809 Wafaransa walishindwa kuiteka ngome ya Graz iliyokuwa juu ya mwamba huu, lakini mkataba wa amani wa Schönbrunn, kati ya Austria na Ufaransa, ukaamuru ibomolewe. Wenyeji wakachanga fedha kuokoa mnara huu na mnara wa kengele ulio juu zaidi. Kuta nyingi zikalipuliwa.

Kengele ya huko juu, Liesl, ni ya mwaka 1587, na uzito wake unapita tani 4. Hulia saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa moja jioni, mapigo 101 kila mara, kwa hiyo usijaribu kujua saa kwa kuyahesabu. Wenyeji husimulia kwamba ilisubiwa kwa risasi 101 za mizinga ya Waturuki. Mimi naichukua kama ngano tu.