Ngazidja na watoto watatu: nilivyopanga siku tisa chini ya Karthala

Kitu cha kwanza nilichofungua nilipoanza kupanga safari ya Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro chenye volkano ya Karthala, kilikuwa kalenda ya mwezi. Tulikuwa watano: wazazi wawili na watoto wa miaka 4, 8 na 13. Sehemu kubwa ya mwambao wa kisiwa hiki ni lava iliyogandia baharini, nyeusi, yenye makali kama chupa iliyovunjika, na fukwe za mchanga mweupe ni vipande vifupi katikati yake. Maji yakipwa, mtoto anabaki na vidimbwi vya magotini na miamba iliyojaa wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Panaogeleka maji yakijaa.

Hesabu ni ile ile wanayoijua wavuvi wa Unguja. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi imeshapwa mbali. Siku saba hivi baadaye yanakuja maji mafu, ambayo hujaa katikati ya asubuhi na hayapwi sana. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo siku za pwani nilizipanga ziangukie maji mafu, na siku za bamvua nikazipa gari. Mwanangu mdogo wa miaka 4 anaweza kukaa majini kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, baada ya hapo ni jua kali na kilio, kwa hiyo maji yanayojaa saa kumi jioni kwake ni nusu ya faida tu.

Msimu nilichagua Juni. Kusi limeshaanza, mvua zimepungua, na shule za Tanzania zimefungwa. Wengi watakwambia Julai na Agosti, na kwa hali ya hewa hawakosei. Lakini hiyo ndiyo miezi Wangazidja wanaoishi Ufaransa wanaporudi nyumbani kwa ndoa kubwa, zile harusi za kimila za fahari. Ndege hujaa, nyumba za kupanga hupanda bei, na gari zuri limeshachukuliwa na familia ya bwana harusi. Kalenda ya Kiislamu nayo iangalie kabla ya kukata tiketi. Ramadhani mchana kutafuta chakula cha mtoto nje ya hoteli ni kazi.

Ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazidja, zipo, ila si za kila siku na ratiba hubadilika. Niliacha siku nzima Dar wakati wa kurudi kabla ya safari iliyofuata. Ukiunganisha tiketi mbili siku hiyo hiyo, kuchelewa kidogo tu kunakulaza uwanjani na watoto.

Malazi tulikuwa na vituo viwili tu: usiku 3 Moroni, mji mkuu, na usiku 5 Mitsamiouli kule kaskazini. Kuhamahama kila siku na watoto kunakula asubuhi zote nzuri kwenye kufunga mabegi.

Sasa maji ya kunywa, ambayo ndiyo yaliyonipa kazi kubwa kuliko vyote. Ngazidja mvua hunyesha nyingi, lakini mwamba wake umejaa matundu na maji yote huzama. Huoni mto unaotiririka. Vijiji vingi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa na kuyahifadhi kwenye birika za saruji. Kwa kuoga hayana neno. Kwa kunywa, kupigia mswaki na kuoshea matunda sikuyagusa. Nilipiga hesabu hivi: wakubwa wawili lita 2.5 kila mmoja, watoto watatu lita 1.5 kila mmoja, jumla 9.5, ongeza 2.5 za mswaki na jikoni, ni lita 12 kwa siku, sawa na chupa nane za lita moja na nusu. Nilinunua za siku tano Moroni kabla ya kwenda kaskazini, kwa sababu duka la kijijini linaweza kuwa na chupa nne tu. Wenyeji wenyewe wanajua birika zinavyoharibika: Novemba 2005 Karthala ilipolipuka, majivu yaliingia kwenye birika za vijiji vingi na maji yakawa hayafai.

Birika hizo hizo ndizo nyumba ya mbu, na malaria ipo. Nilipouliza nyumba ya kupanga, swali la kwanza lilikuwa kama birika ina kifuniko na iko hatua ngapi kutoka dirisha la chumba cha watoto. Vyandarua tulibeba vyetu, vile vya kuning'iniza kwa kamba moja, pamoja na kamba ya mita 5 na kulabu. Dawa ya kinga ya watoto muulize daktari mapema, kama mwezi mmoja kabla, kwani vipimo vyake hufuata uzito.

Mlima wenyewe? Karthala una mita 2,361 na kasoko yake, yaani shimo la kileleni, ina upana wa kilomita tatu kwa nne. Kupanda kwa kawaida ni siku mbili na usiku wa baridi hasa, juu hakuna maji, ukungu hushuka ghafla. Kwa watoto wa 4 na 8 nilifuta kabisa. Wa 13 angeweza, kwa mwongoza njia mwenyeji na lita 4 za maji mgongoni, lakini mzazi mmoja angebaki chini na wawili kwa siku mbili, nami sikuona haja.

Badala yake tulikwenda Singani, kusini mwa Moroni. Mwaka 1977 mlima ulipasuka ubavuni, chini sana, karibu kabisa na kijiji, na lava ikakipita hadi baharini. Mtoto anaelewa volkano vizuri zaidi akisimama pale kuliko akitazama kilele kilichofunikwa na mawingu. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, maana kufikia saa nne jiwe jeusi linaunguza. Viatu viwe vya kufunika vidole, na mikononi niliwavalisha glovu za bustani. Anayejikwaa juu ya lava hutanguliza viganja, na vidonda vyake huchelewa kupona kwenye joto la pwani.

Siku nyingine ya bamvua ilikuwa ya Ziwa la Chumvi kule kaskazini, ambalo ni kasoko iliyojaa maji kando kabisa ya bahari. Linatazamwa kutoka ukingoni; kingo ni mwinamo mkali, mdogo ashikwe mkono. Jumba la makumbusho la Moroni lina gombessa, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Nusu saa inatosha.

Gari nilikodi pamoja na dereva. Kule huendeshwa kulia, barabara za mashariki kuelekea Chomoni zina mashimo, na kiti cha mtoto hutakipata, beba chako. Faranga ya Komoro imefungwa kwa euro, 491.97 kwa euro moja, kwa hiyo kwa haraka gawanya kwa 500. Kadi hazisaidii nje ya Moroni. Nilibeba euro taslimu, noti ndogo safi, na euro 30 kwa kila pasipoti nikaziweka pembeni kwa ajili ya viza ya uwanjani. Soketi ni za pini mbili za mviringo kama za Ufaransa, na chaja zetu za pini tatu haziingii. Umeme hukatika: taa ya kichwani kwa kila mtoto.

Kiswahili kinakufikisha sokoni. Waonye watoto tu kwamba "marahaba" huko ni asante, wasije wakadhani wanaitikiwa shikamoo.

Mwali, kisiwa jirani wanakopanda kasa kutaga kule Itsamia, tuliuacha. Boti za kutoka Chindini ni ndogo, na Juni kusi linavuma. Hata ukiona maboya, uliza kama yapo ya kifua cha mtoto wa kilo 16.