Stika ya mlangoni na IST ya "mama wa Tabata"

Mwaka jana nilichoka kugombania mabasi ya mwendokasi Kimara hapa Dar nikasema basi, natafuta gari, sio gari la maana sana, ka-gari tu ka kunitoa Mbezi mpaka mjini na kunirudisha. Bajeti yangu ilikuwa milioni kumi isizidi hata shilingi, na kwa bajeti hiyo wenyewe mnajua, ni gari la mkononi, ni IST, Vitz, Raum au Passo, na ni madalali.

Dalali mmoja akanirushia Toyota IST namba D (plate ya herufi zinazoanza na D), picha kumi na nne zote imeoshwa inang'aa. Maelezo ndo yale yale ya kila siku: engine haijafunguliwa, AC ya kufa mtu, kilomita 74,000, haidaiwi, ni kuweka mafuta na kuondoka, milioni 9 na nusu maelewano yapo. Nikampigia. "Dada yangu, hii gari ni ya mama mwenzio. Anatoka nayo Tabata anaenda kazini Posta anarudi, Jumapili kanisani, basi. Inalala ndani." Wakuu, siku hizi nikisikia gari lilikuwa linaendeshwa na mama nashika pochi kabisa. Sijui hao akina mama wanaouza magari kila siku wanabaki na usafiri gani.

Sasa kabla sijapoteza nauli nikamwambia nitumie namba ya gari na picha ya chesisi namba. Akasita. Chesisi ya nini dada, si uje uione tu? Nikamwambia kaka yangu kama haidaiwi unaogopa nini. Akatuma usiku.

Cha kwanza nikaingia kwenye ule mfumo wa polisi wa faini za barabarani, TMS, ambao haulipishi kitu, unaweka namba ya gari tu na deni linakuja kama lipo. Zikaja faini tatu hazijalipwa, 30,000 kila moja, zote za kuzidisha spidi. Faini yenyewe hainishtui, Tanzania hii nani hajapigwa tochi, na elfu tisini unaikata kwenye bei mnamalizana. Kilichonishtua ni sehemu zilipoandikiwa: Mikumi, Ilula, Makambako, barabara ya kwenda Mbeya huko. Yaani mama wa Tabata anaenda kazini Posta anapitia Makambako! Nilicheka peke yangu kitandani mpaka mume wangu akaniuliza kuna nini.

Hafu nikaenda TIRA MIS, ya mamlaka ya bima, nayo bure, unaweka namba ya gari unaona bima ni ya kampuni gani, imeanza lini inaisha lini. Ilikuwa imekwisha muda mrefu tu. Gari "inayotembea kila siku kazini" haina bima. Hapa sikutaka kumhukumu sana kwa sababu kuna watu wanaegesha gari mwaka mzima wakisubiri mteja, ila basi asiniambie inatembea kila siku.

Binamu yangu yuko Marekani akanitumia link ya VINCheck ya NICB, taasisi ya kule inayofuatilia wizi wa magari na udanganyifu wa bima, kule kwao ni bure, unaweka namba ya chesisi inakwambia kama gari iliripotiwa kuibiwa na haijapatikana au kama kampuni ya bima ilishaiandika kuwa ni ya kutupwa. Nikaijaza ikakataa. Nikajaza tena ikakataa. Kumbe ile inataka herufi na tarakimu 17, na gari zetu hizi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina 17, IST yangu hiyo ilikuwa NCP60 hafu kistari hafu tarakimu saba, jumla 12. Kwa hiyo ukiona mtandao unakuahidi historia ya gari bure duniani kote, ukiweka chesisi ya Kijapani ama utakataliwa ama utazungushwa mpaka mwisho wakuambie lipa dola kadhaa ndo uone ripoti. Mwenye Land Rover Discovery iliyotoka Uingereza yeye ana bahati, akipata ile namba ya plate ya kule anaingia kwenye tovuti ya serikali yao anasoma ukaguzi wa MOT wa kila mwaka tangu 2005 na maili zilizokuwa kwenye dashibodi siku hiyo, bure. Plate ya kule mara nyingine imechongwa kwa herufi ndogo pembeni ya kioo, kwa hiyo angalia vioo. Sisi wa IST tuna njia nyingine, na ndo hasa iliyonifanya niandike.

Jumamosi nikaenda na fundi wangu Sinza kuiona. Fundi akafungua boneti, mi nikafungua mlango wa dereva. Pale kwenye nguzo ya mlango, usawa wa goti, kulikuwa na stika ndogo ya bluu imefifia, ina maandishi ya Kijapani na namba zimeandikwa kwa kalamu. Dalali kaona naikodolea macho akasema hiyo ni ya kiwandani tu dada. Nikatoa simu nikapiga picha nikaitafsiri na Google. Stika ya oil! Kule Japani gari likibadilishwa oil gereji wanabandika kikaratasi mlangoni au ndani ya boneti, wanaandika tarehe na kilomita za siku hiyo. Kwenye hii waliandika 28.9.11, na chini yake 118,400 km.

Hiyo 28 sio mwaka 2028 jamani wala sio tarehe. Wajapani wana hesabu yao ya miaka kwa zama za mfalme, Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unachukua ile namba unajumlisha 1988. 28 na 1988 ni 2016. Ina maana Septemba 2016, gari likiwa bado Japani halijapanda hata meli, lilikuwa na kilomita laki moja na kumi na nane elfu. Likaja Dar, likasajiliwa, likapiga Makambako miaka yote hiyo, leo lina 74,000. Linatembea kwa reverse labda.

Anayerudisha kilomita anahangaika na dashibodi, anailipia kabisa, ila karatasi ya mlangoni haigusi kwa sababu hajui imeandikwa nini. Ndo maana siku hizi nikienda kuangalia gari naanza na vitu ambavyo muuzaji hawezi kuvisoma. Kuna na mkanda wa siti pia, uvute mpaka mwisho kabisa kule chini kuna kitambaa cha lebo kina mwaka wa kutengenezwa, ukiona gari inadaiwa ni ya 2005 na mkanda mmoja ni wa 2011 uliza ule wa zamani ulikwenda wapi. Na kama aliyeiagiza bado ana kile cheti cha kuitoa gari Japani mwombe akuonyeshe, kinaandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi kule, sema wengi watakwambia kimepotea.

Nikamwonyesha dalali hesabu. Hakubisha hata, akaniangalia akasema, "Dada we umekuja kununua gari au umekuja kufanya upelelezi?" Fundi akafunga boneti taratibu. Akashusha mpaka milioni 8. Nikamwambia mi sina shida na gari yenye kilomita laki mbili, IST inafika huko na inaendelea, shida yangu ni kwamba sasa sijui hata hiyo oil mliibadilisha lini. Tukaondoka na boda.

Mwishowe nilichukua Vitz, ya mtu ninayefahamiana naye kazini. Hiyo nayo niliipitisha sehemu moja zaidi ya bure, tovuti ya Toyota ya Japani, kuna ukurasa unaweka chesisi, hii hii fupi yetu, inakuletea kama gari iliitwa kurudishwa kiwandani kwa hitilafu na kama ilitengenezwa au bado. Iko kwa Kijapani lakini simu inatafsiri. Usiipuuze hii kwa sababu ya zile airbag za kampuni ya Takata ya Japani: kemikali ya ndani inaharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu, sasa we fikiria Dar, siku ya ajali badala ya kujaza mfuko chuma chake kinapasuka kinarusha vipande usoni kwa dereva. Watu walikufa nchi kadhaa, kampuni ikafilisika 2017, na Vitz, Corolla, Honda Fit zimo humo.

Kuna kitu kimoja hakuna mtandao wa bure ulionisaidia, nacho ni deni la mkopo. Mtu kachukua mkopo wa kausha damu kaweka kadi ya gari rehani, hafu anakuuzia gari kwa kopi. Kwa hiyo hata kwa yule wa kazini nilidai kadi original mkononi, jina lilingane na kitambulisho chake na chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, na sikutoa hata kishika uchumba kabla. Alininunia siku mbili hivi, sasa hivi tunakula wote chipsi.

Juzi yule dalali kaweka status. IST ile ile, milioni 9, kilomita 74,000 bado. Picha ya tatu mlango wa dereva uko wazi, nikaikuza. Stika wameibandua, imebaki gundi.