Chausiku, mwenzangu wa zamu ya usiku

Jumamosi tumemzika Chausiku. Chausiku ni mbwa, jike, jemani shepadi, na mimi nilikua hendla wake, yaani mlinzi anayetembea naye, miaka nane kasoro miezi miwili kwenye yadi moja ya malori huku Kurasini. Tangu siku hiyo nimeambiwa "we nawe, si mbwa tu" na watu ambao sio wabaya, ni watu wangu kabisa, ila nikinyamaza naona namdhulumu, kwa hiyo naandika.

Jina sikumpa mimi. Kwenye karatasi zake alikua na jina la kizungu ambalo hata mkufunzi alikua analikosea, madereva wa transiti ndio walimbatiza, maana mchana hawamuoni, jua likizama tu huyo anatoka bandani na mimi, basi ikawa Chausiku. Mama ntilie wa pale getini naye jina lake hilohilo, tukaenda kumuomba radhi mapema kabla hajasikia kwa watu, akakaa kimya kidogo akasema mleteni nimuone somo yangu. Akamuangalia. Kuanzia siku hiyo mifupa ya supu haijawahi kutupwa pale getini.

Kazi yenyewe ni kuzunguka. Saa kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, uzio wote, kila baada ya nusu saa, tochi, filimbi, kamba ya mbwa. Malori mengi yanayolala pale yametoka Zambia na Kongo na shaba, yanasubiri zamu ya kuingia bandarini, na shaba kila mtu anajua bei yake kwa hiyo wezi hawakosi. Ila nikimkumbuka kinachonijia kwanza sio mwizi. Ni usiku mmoja wa masika, mvua kubwa, umeme umekatika Kurasini nzima, tunapita nyuma ya makontena akasimama. Namvuta haji. Namwambia twende, akakaa chini kwenye maji, ananiangalia mimi, anaangalia chini ya trela, ananiangalia tena. Nikainama na tochi nikakuta kijana, utingo, amejikunyata katikati ya matairi anatetemeka, ukimuuliza jina anakujibu habari za mama yake. Hospitali wakakuta malaria imepanda kichwani, alipona. Mkufunzi aliwahi kutuambia pua ya mbwa ina vinasa harufu zaidi ya milioni 200 wakati sisi hatufiki hata milioni 10, niliandika kwenye daftari kama kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani, sasa usiku ule mvua inapiga, dizeli imetapakaa kila mahali, na yeye katikati ya yote hayo ananusa kwamba pale kuna mtu na huyo mtu hayuko sawa, ndio nikaelewa natembea na kiumbe wa namna gani.

Mnamkumbuka Magawa? Panya buku aliyezaliwa Morogoro, shirika la APOPO wakamfundisha kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, akaenda kufanya kazi Kambodia, 2020 shirika la Uingereza likampa nishani ya dhahabu, na alipokufa Januari 2022 dunia nzima ilimlilia. Na sisi tulisema kwa fahari huyo ni wa kwetu, hakuna aliyesema si panya tu. Mimi sidai nishani. Nadai pole tu, ile pole ya kawaida ambayo mtu wa Dar anakupa hata ukijikwaa barabarani.

Sasa kuna jambo la dini, na najua wengi ndio linawakwaza. Mi ni Muislamu, nimelelewa Mbagala na mama aliyenipeleka chuo cha Kurani kabla ya shule. Miaka yote ya kazi hii nimekua nikitoka kazini navua sare, naweka kwenye ndoo yake nje, na popote mate ya mbwa yalipogusa nanawa mara saba, moja na mchanga, kama tulivyofundishwa sisi Mashafii. Sijawahi kuona ni mzigo. Na mbwa wa ulinzi karuhusiwa, kama wa kuwinda na wa mifugo, hilo nilimuuliza ustadhi kabla sijasaini mkataba. Halafu Ijumaa tukisoma sura ya Al-Kahf tunafika pale kwa vijana wa pangoni, mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, aise kila nikifika hapo ni Chausiku namuona, maana saa tisa za usiku tukikaa getini alikua analala hivyohivyo, miguu mbele, kidevu juu yake, macho wazi.

Ugonjwa ulianza na sauti. Sakafu ya pale ni zege, na mbwa mzima akitembea unasikia kucha zinagonga, tik tik tik. Mwaka jana mwishoni nikaanza kusikia kingine, krrr, kama mtu anaburuza ndala. Nikammulika. Kucha mbili za katikati, miguu yote miwili ya nyuma, zimelika mpaka karibu na nyama, na damu kidogo, na yeye wala hana habari anataka tuendelee mbele. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Picha ya nyonga ikatoka safi. Basi daktari akamsimamisha, akachukua unyayo wa nyuma akaukunja, ukawa umekanyagia upande wake wa juu, akaniambia angalia, mbwa asiye na shida anaurudisha papo hapo. Tukasubiri. Chausiku amesimama tu anamnusa daktari mfukoni, unyayo umekunjika vilevile, kana kwamba sio wa kwake. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule unyayo. Akanieleza kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapata sana jamii hii wakishavuka miaka minane, unaanzia miguu ya nyuma unapanda taratibu, haumuumi, na dawa hauna.

Ofisini habari ilikua fupi, mbwa asiyezunguka bajeti yake ya chakula inafungwa mwisho wa mwezi. Supavaiza mmoja akanishauri kuna mtu Keko anamaliza hayo mambo kwa elfu kumi, na wote tunajua anamaliza kwa nini, sumu kwenye nyama. Niliporudia maneno hayo kwa daktari alikasirika kuliko mimi, akasema nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kama kuna siku ya kumuondoa huyu mbwa ataondoka bila maumivu na nitakuja mwenyewe. Tukachangishana walinzi, madereva wawili watatu, somo yake na supu yake, tukamlisha wenyewe miezi minne. Sikumuacha bandani. Nilimwambia mama nahitaji kanga kuukuu, akanipa bila kuuliza ya nini, nikawa naipitisha chini ya tumbo lake nashika ncha mbili juu, yeye anatembea na miguu ya mbele mimi nabeba ya nyuma, raundi moja fupi kila usiku, geti mpaka kwenye makontena na kurudi. Alikua anaisubiri hiyo raundi. Nikichelewa analia.

Wiki mbili za mwisho na mbele kukaanza kulegea, haja inamtoka bila kujua, na aibu ile jamani, mbwa ana aibu, anageuza uso anaangalia ukutani mpaka umalize kumsafisha. Nikampigia daktari.

Alikuja Jumamosi baada ya alasiri. Somo yake alileta supu yenye nyama, sio mifupa, akanywa yote. Daktari akasema sindano ni mbili, ya kwanza atalala, ya pili moyo utasimama. Nimekaa chini kwenye zege, kichwa chake kiko mapajani, na kabla ya ile ya kwanza haijamkolea akanilamba kiganja, taratibu, mara moja, kuanzia kifundo cha mkono mpaka kwenye vidole. Akalala. Ya pili haikufika hata dakika mbili. Nilijaribu kumfumba macho, hayafumbi, daktari akaniambia ya mbwa hayafumbi, acha. Tukamviringisha kwenye ile kanga, pikapu ya hendla mwenzangu mpaka Vikindu kwenye kiwanja chake, shimo refu, tukaweka matofali juu.

Nimefika Mbagala magharibi inaelekea kunipita. Nikavua sare nje, nikabadili, nikachota mchanga, nikakaa kwenye kigoda na ndoo ya maji na kopo. Kiganja nilikua nimekifunga kitambaa tangu Kurasini kisiguse kitu. Nikakipaka mchanga, nikamwagia, moja. Mbili. Tatu. Nne, na hapo sijui ni nne au tano, nikaanza upya. Nikafika tatu nikapotea tena. Mkono wenye kopo unatetemeka maji yanamwagika pembeni na mimi naogopa, sio naogopa najisi, naogopa nikimaliza ndio imeisha, hamna tena kitu chake kwenye mwili wangu.

Mama alikua mlangoni, sijui kwa muda gani. Mama huyu miaka nane hajawahi kutamka jina la Chausiku, akimtaja anasema "hiyo kazi yako". Akaja akachuchumaa, akanichukua kopo mkononi. Akachota mchanga mwenyewe akanimwagia kiganjani, akasema sugua. Nikasugua. Akamimina maji, akasema moja. Mbili. Tatu, polepole, kama alivyokua ananihesabia nikiwa mdogo. Nne. Mimi nalia sasa, nalia kabisa, na yeye hajaniambia nyamaza. Tano. Alipofika sita akalishika kopo juu bila kumimina, akaniangalia.

"Bado moja," akasema. "Ukiwa tayari."