Magego Mawili Yaliyolala

Mara ya kwanza fizi kunivimba, lawama zote nilimtupia shangazi. Alikuwa ametuma mfuko wa matobolwa kutoka Sengerema, na mimi nikikaa na matobolwa sijui kuacha. Kwa msiowahi kuyala: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama gome la mti. Nikajua kipande kimenikwama. Kilikuwa kimekwama kweli, ila chini ya kijinyama cha fizi kilichofunika nusu ya gego la mwisho, kushoto chini. Pale mswaki haufiki, chakula kinaozea humo humo.

Mara ya pili nilikwenda duka la dawa hapa Kirumba, Mwanza. Kijana akanipa flajili na amoksilini bila kuniambia hata nifungue mdomo. Siku ya tatu uvimbe ukashuka, nikaacha dozi njiani. Najua, msinigombeze.

Ya tatu ilinikuta Ijumaa, kesho yake nina harusi Nyegezi. Mdomo ulikuwa haufunguki zaidi ya upana wa vidole viwili, na mimi ni MC, mdomo ndio jembe langu. Advansi nilishaila. Nikasherehesha saa sita nzima nimeuma meno, na mjumbe mmoja wa kamati akaja kunipongeza kwamba siku hizi nina sauti nzito ya utangazaji.

Jumatatu nikaenda kupiga picha. Unasimama, unauma kijiti cha plastiki, mashine inakuzunguka kichwa taratibu, basi. Kwenye picha magego yangu mawili ya chini yalikuwa yamelala yote, kushoto na kulia, vichwa vimeegemea meno ya mbele yao kama abiria wawili waliosinzia kwenye haisi ya Igoma. Nina miaka 27. Nilidhani meno yalishamalizana na mimi zamani.

Daktari wa kwanza, wa kliniki moja ya mjini, hakupoteza muda: toa yote mawili siku moja. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kadiri umri unavyokwenda mfupa unazidi kuwa mgumu na mizizi inakuwa imekamilika, kwa hiyo kazi ya leo ni nyepesi kuliko ya ukiwa na miaka arobaini. Halafu akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mizizi iko karibu na mshipa wa fahamu, mdomo unaweza kubaki na ganzi.

Nikatoka pale nimelowa jasho. Harusi za huku kwetu zina majina. Ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani kwa Kisukuma, anamuoa ng'wana fulani, na ukoo mzima umekaa meza ya mbele unasubiri uone utakavyoyatamka. Hiyo "Ng'w" bila mdomo haitoki. Kwa wiki nzima nilikuwa nasimama mbele ya kioo nasema ng'wana, ng'wana, mama akauliza kama nimeshaposa.

Shangazi nilimpigia nikitegemea faraja. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Usiguse! Jino la juu likitolewa macho yanakufa." Nikamwambia ni la chini. Akanyamaza kidogo, akasema basi hata la chini.

Daktari wa pili alikuwa mama mtu mzima. "Fungua, baba." Akaangalia, akaipachika picha kwenye taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mistari miwili myembamba inayopita ndani ya taya. Huo ndio mfereji wa mshipa. Kushoto mizizi iko juu yake kidogo, kulia imeugusa kabisa. Nikamuuliza swali langu moja tu: nitaongea? Akaeleza jambo ambalo yule wa kwanza hakulisema: mshipa ule unaleta hisia za mdomo wa chini na kidevu, hauviendeshi. Ukiumia, mdomo haupindi, unakuwa tu kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Wachache hazirudi.

Na la kulia je? Haliumi, halijawahi kuvimba, halijaoza wala kumtoboa jirani yake. Nilikuwa nimesoma kwamba Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wao unasema gego lililolala bila ugonjwa liachwe, wakati Marekani vijana wengi wanatolewa mapema. Nikamtajia. Akacheka. "La kushoto limeshakupa sababu tatu. La kulia limekupa sababu gani?"

Hapo ndipo nilipoamua. Kushoto litoke. Kulia libaki, lipigwe picha tena mwakani, na siku likianza uchokozi tutaongea. Nililipa karibu sawa na advansi ya sendofu moja, nikachagua Jumanne yenye wiki mbili wazi mbele yake.

Maumivu hakuna, ganzi inafanya kazi. Ila sauti! Jino lilikatwa vipande, na kilipovunjika cha kwanza nilikisikia ndani ya sikio kama mtu anavunja muwa kichwani mwangu. Nyuzi tatu, pamba ya kuuma nusu saa, marufuku mrija na sigara donge la damu lisije likang'oka. Uji uliopoa.

Nilirudi nyumbani na bajaji, mdomo wa chini mzito kama si wangu. Saa nane, kimya. Saa tisa nikagusa kidevu na chupa ya maji baridi, nikasikia baridi mkononi tu. Mama akapita akajifanya anatafuta ufunguo. Kwenye saa kumi na nusu kona ya mdomo ikaanza kutekenya, kama sisimizi anatembea. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikasema polepole mbele ya kioo: ng'wana.

Mate yalimwagika, lakini ilitoka.